Cazale Kabla ya Fredo

Kila anapotajwa John Cazale, hesabu huwa ileile: filamu tano, zote zikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na tatu zikashinda. Ni The Godfather (1972), The Conversation na The Godfather Part II (1974), Dog Day Afternoon (1975) na The Deer Hunter (1978). Hesabu ni sahihi. Ubaya ni kwamba imemgeuza mtu kuwa hirizi, kana kwamba filamu ilipata baraka kwa yeye kupita mbele ya kamera. Na wanaoipenda hesabu hiyo husahau nusu yake ya pili: Pacino, Caan, Duvall, De Niro na Streep wote waliteuliwa kwa kazi zao ndani ya filamu hizohizo. Cazale hakuteuliwa hata mara moja.

Habari za mwanzo zinajulikana. Alizaliwa 1935 huko Revere, jirani na Boston, baba mwenye asili ya Italia na mama mwenye asili ya Ireland. Alisomea uigizaji, akahamia New York, akawa tarishi wa Standard Oil, na huko akakutana na tarishi mwingine, Al Pacino.

Kinachorukwa ni jukwaa. Mwaka 1968 wawili hao walicheza The Indian Wants the Bronx, tamthilia ya Israel Horovitz, na wote wakapata tuzo ya Obie. Pacino alikuwa mhuni wa mtaani. Cazale alikuwa Gupta, Mhindi aliyewasili karibuni, asiyejua Kiingereza, amepotea kituoni usiku akimtafuta mwanawe huku vijana wawili wakimchezea. Leo Muitaliano wa Boston kupewa nafasi ya Mhindi kungezua kelele, na kelele hizo zingekuwa na haki. Lakini tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Mwigizaji amenyang'anywa maneno. Watazamaji hawaelewi anachosema, naye haelewi anachoambiwa. Amebaki na macho, mabega, na ile namna ya kumtegea mtu sikio ukijaribu kujua kama anakutania au anataka kukupiga. Hilo alilifanya usiku baada ya usiku, miaka minne kabla Marekani haijamjua kama Fredo wa The Godfather.

Mwaka 1971 msaka waigizaji Fred Roos alimwona katika Line, tamthilia nyingine ya Horovitz, akampeleka kwa Francis Ford Coppola, mwongozaji wa The Godfather. Sasa rudi kwenye Part II, ile nyumba ya ziwani Tahoe, Fredo akimlalamikia mdogo wake kwamba alirukwa. Amejilaza kwenye kiti kilichobonyea. Hasira inapompanda anataka kuinuka, kiti kinamrudisha. Mikono inatupwa hewani, mwili haufuati. Steringi ni Pacino, huyo mdogo wake, amesimama, hasogei. Wahakiki wengi husifu maneno ya hapo. Mimi namwona Gupta.

Katika Dog Day Afternoon, iliyotokana na uvamizi wa benki huko Brooklyn mwaka 1972, Sal halisi, ambaye Cazale alimwigiza, alikuwa kijana wa miaka 18. Cazale alikaribia 40. Mwongozaji Sidney Lumet alisita, Pacino akashikilia, na Lumet alipomsikia Cazale akisoma, ubishi ukaisha. The Conversation naipita. Ni filamu ya Gene Hackman.

Limebaki suala la The Deer Hunter. Cazale alikuwa na saratani ya mapafu, na kampuni ya bima ikagoma kumwekea dhamana. Mwongozaji Michael Cimino alipiga picha sehemu za Cazale kwanza. Streep, aliyekuwa mchumba wake, amesema De Niro ndiye aliyelipa bima. De Niro mwenyewe amekuwa mzito kulithibitisha. Mimi namwamini Streep, aliyekuwa karibu zaidi na mgonjwa. Cazale alifariki Machi 1978, kabla filamu haijatoka.

Nisichokuwa na subira nacho ni dai kwamba unyonge wa Stan, mhusika wake katika filamu hiyo, ni ugonjwa tu ulionaswa na kamera. Stan amesahau viatu vya kuwindia, anaomba vya akiba vya Michael, mhusika wa De Niro, ananyimwa. Anabwata, anatafuta macho ya wenzake yamtetee. Katika The Godfather, akiwa bado hana habari ya saratani, Cazale alikaa ukingoni mwa barabara kama Fredo, bastola imemponyoka na baba yake amelala chini kwa risasi, akilia kwa unyonge uleule. Alikuwa mzima, na alikuwa kazini.