Lenzi ya Mjerumani, mkanda wa Mbelgiji

Hans Meyer, yule yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita Urundi, Burundi ya leo, mwaka 1911. Kitabu chake, Die Barundi, kilichapishwa Leipzig mwaka 1916, kikiwa na picha za wenyeji. Juni mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, Bujumbura ya leo, na utawala wa Kijerumani ukang'oka. Katika picha za wasafiri wa enzi hiyo, mwenye kamera ndiye aliyepanga nani asimame wapi. Aliyepigwa picha hakuwa ameiagiza.

Watawala wapya walikuwa na kiwanda cha kwao. Lieven Gevaert alianza kutengeneza karatasi za picha Antwerp mwaka 1890, na kampuni yake ikaja kuwa kubwa katika biashara ya filamu. Hata hivyo, lenzi za Ujerumani hazikupoteza sifa. Tessar, aliyoibuni Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mwaka 1902, ilikuwa na vipande vinne tu vya kioo, lakini picha zake zilikuwa kali. Kamera ya Rolleiflex iliyotoka mwaka 1929 iliitumia.

Kamera za namna hiyo ziliwafaa sana wenye stidio. Mkanda wa 120 ulitoa picha 12 za mraba, basi kila moja ilikuwa na thamani. Mteja alikuja amevaa nguo zake nzuri. Mpiga picha alishika kamera kifuani, akainamisha kichwa kutazama kioo cha juu, ambamo kushoto huonekana kulia. Matokeo yalijulikana baada ya mkanda kusafishwa kwenye chumba cha giza. Hapa mambo yaligeuka: anayelipa ndiye aliyeamua aonekane vipi.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Miaka miwili baadaye Agfa ya Ujerumani na Gevaert ya Ubelgiji ziliungana. Mataifa yaliyonyang'anyana nchi hii sasa yaliuza mkanda chini ya jina moja.

Leo wapenzi wa vifaa hivi huzifunga lenzi za zamani hata kwenye kamera za kidijitali, kwa pete maalumu. Wanachotafuta ni kile ambacho mafundi walihangaika kukiondoa. Kabla ya Alexander Smakula wa Zeiss kubuni utando wa kuzuia mng'ao mwaka 1935, mwanga ulirukaruka kati ya vioo, ukalainisha vivuli. Ielekeze lenzi kama hiyo kwenye maji ya Ziwa Tanganyika jua linapozama, na weupe utaenea picha nzima.

Unyevu wa ziwa, lakini, huzaa kuvu ndani ya lenzi. Kabla ya kutoa pesa, fungua tundu lake lote, mulika tochi upande wa nyuma, kisha tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi kama za buibui, mrudishie mwenyewe. Vumbi kidogo halina neno. Kuvu hula kioo.