Kisu gani kinafaa jikoni kwako?

Kisu cha jikoni ni kitu kidogo, lakini kikinunuliwa vibaya hula fedha na vidole. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua kisu kulingana na kazi za nyumbani kwako, iwe uko Tabora mjini, Sikonge, Urambo au Kaliua.

Chuma si kitu kigeni kwetu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Unyamwezi na majirani zake yaliuzwa sokoni, hata yakatumika kulipia mahari. Siku hizi wahunzi hufua visu kwa vyuma chakavu, hasa springi za magari. Madukani navyo vipo visu vinavyong'aa. Ununue kipi?

Anza na kazi

Jiulize: kwangu tunakata nini zaidi?

Kwa kumenya viazi, vitunguu na maembe, kisu kifupi chenye makali ya sentimita 8 hadi 10 kinatosha. Kwa nyama, mboga na kukata viazi vitamu vya michembe, chukua cha sentimita 15 hadi 20, chenye ubapa mpana kiasi kwamba vidole vyako havigongi ubao. Mifupa ipasuliwe kwa panga au shoka dogo. Kisu chembamba kitavunjika meno. Nyumba nyingi zinatosheka na visu viwili vizuri kuliko seti ya visu sita dhaifu.

Tazama chuma

Kisu cha springi hunoleka kwa urahisi na hukaa na makali, lakini hushika kutu, na ndimu au nyanya hukigeuza cheusi. Kioshe, kikaushe mara moja, kisha kipake mafuta kidogo ya kupikia. Kisichoshika kutu hakina usumbufu huo, ila vya bei ya chini vingi huwa laini na kubutuka haraka.

Chukua sumaku, hata ya spika ya redio mbovu, uisogeze kwenye ubapa. Isipovuta kabisa, kwa kawaida chuma hicho hakigumishwi kwa moto na makali yake hayatadumu. Ikivuta, bado endelea kukagua.

Shika mpini

Chuma kikiingia hadi mwisho wa mpini na kufungwa kwa misumari, kisu ni imara. Kikiingia nusu tu, mpini hulegea na kuchomoka. Kishike kama unakata: mpini ujae mkononi, usiteleze. Kama mnaotumia mkono wa kushoto ni wengi nyumbani, epuka kisu chenye makali yaliyonolewa upande mmoja tu.

Kunoa

Kisu butu ni hatari zaidi, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Tumia kinoo chenye maji. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, inua mgongo wake karibu sentimita 1 na nusu kutoka kwenye jiwe, kisha noa pande zote mbili sawasawa. Ukimpelekea mnoaji mwenye jiwe la kuzunguka, mwombe apoze kisu kwa maji mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya bluu, yamepata moto na kupoteza ugumu. Kwa sababu hiyo hiyo, usichome kisu kwenye jiko la mkaa ili kukatia plastiki.

Usalama

Ukikata nyama au kuku mbichi, osha kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari, maana vijidudu vya nyama huhamia kwenye chakula kisichopikwa. Hifadhi visu mahali ambapo watoto hawafiki, wala usiviache ndani ya beseni la vyombo.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha kandamiza kwa kitambaa safi. Damu isipokoma, kidole kikifa ganzi au kikishindwa kukunjika, nenda zahanati haraka. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama kisu hakikuwa na kutu.