Daktari wa Mahenge na Heshima Iliyochelewa

Ndugu msomaji, ukisimama hapa Tunduma mpakani ukauliza nani anajua taratibu za kupitisha lori la shaba kutoka Zambia, utaelekezwa mara moja kwa wakala mwenye leseni. Ukiuliza fundi wa injini za malori makubwa, utatajiwa jina lake na hata mahali anapokunywa chai. Lakini hebu uliza ni nani anayetibu akili ya mtoto. Hapo watu watatazamana. Mmoja atakuonyesha njia ya kwenda kwa mganga, mwingine atashauri mtoto apelekwe kuombewa.

Jambo hilo ndilo ninalotaka tulizungumze juma hili: heshima ya kitaaluma kwa wale wanaochunguza na kutibu maradhi ya akili na ubongo kwa watoto. Wapo wanaosema kwamba heshima ni mambo ya nishani na picha za gazetini, na kwamba nchi isiyokuwa na dawa za kutosha haina nafasi ya anasa hiyo. Historia ya nchi yetu wenyewe inatufundisha vinginevyo.

Turudi nyuma hadi mwaka 1960, wakati Tanganyika ikiwa bado haijapata Uhuru. Huko Mahenge, wilayani Ulanga, daktari kijana mwanamke kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa. Miongoni mwa Wapogoro wa milima ile, kifafa kilikuwa kikitisha kuliko magonjwa mengi. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Mtu akiangukia motoni, wapo waliosita kumgusa hata kumwokoa, na wengi walibaki na makovu makubwa ya moto. Daktari huyo alianza kuwapa vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu. Waliokuwa wakianguka kila mara wakaanza kupata nafuu, habari zikaenea, na wagonjwa wakaja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali.

Katika kazi hiyo aliona jambo ambalo vitabu vyake vya udaktari havikumwambia. Walikuwapo watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara, kama mtu anayesinzia, ilhali wako macho. Baadhi yao baadaye walipata kifafa kamili, na wengine akili zao zikadumaa. Hakulinyamazia. Mwaka 1965 makala yake juu ya kifafa cha Wapogoro ilichapishwa katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili la nchi za Skandinavia.

Je, dunia ya utabibu ilifanya nini? Kwa muda mrefu, karibu haikufanya lolote. Yeye mwenyewe alikwenda Kanada, akawa daktari wa magonjwa ya akili, na akawa anarudi Mahenge mara kwa mara. Wauguzi wa pale nao waliendelea kugawa vidonge na kuandika majina ya wagonjwa madaftarini.

Wataalamu wa Kitanzania hawakulala. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Ulanga, uliowahusisha Rwiza, Kilonzo, Matuja na wenzao. Kati ya watu 18,183 walipatikana 207 wenye kifafa. Mwaka 2008 ndipo yakatoka maelezo ya kina ya kitabibu juu ya watoto wa Mahenge wanaoinamisha kichwa. Mwaka uliofuata macho ya dunia yakageukia kaskazini mwa Uganda, ambako watoto wengi walionekana na dalili hizo hizo, na pia Sudan Kusini. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanasayansi juu ya ugonjwa huo ulifanyika Kampala mwaka 2012.

Ndugu msomaji, fanya hesabu. Tangu 1965 hadi 2012 ni miaka 47. Mtoto aliyeonekana na daktari yule akiwa na umri wa miaka minane, mkutano wa Kampala ulimkuta mzee, kama alibahatika kuishi.

Kwa nini tulichelewa hivyo? Kwa maoni yangu ni kwa sababu wagonjwa walikuwa watoto wa maskini kijijini, na waliowahudumia walifanya kazi katika tawi la utabibu ambalo wakubwa wa fani waliliweka mwisho wa foleni. Asiyeheshimiwa husema asisikike. Na asiposikika yeye, mgonjwa wake naye hasikiki.

Hadi leo chanzo kamili cha ugonjwa huo hakijathibitishwa, ingawa uchunguzi mwingi unaonyesha uhusiano mkubwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Hapo ndipo habari ya Mahenge inapoingia nyumbani kwetu. Wilaya ya Ileje, iliyomo katika mkoa huu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016, ni sehemu ya ukanda wa usubi wa Tukuyu, na wananchi wake wamekuwa wakigawiwa dawa ya kinga. Sisemi kwamba watoto wa Ileje wana ugonjwa wa Mahenge. Ninachosema ni kwamba tunahitaji mtu wa kutazama, mwenye ujuzi wa kutambua anachokiona, na mwenye cheo cha kumfanya asikilizwe anapoandika.

Mtu huyo mara nyingi ni muuguzi wa afya ya akili. Katika hospitali zetu ndiye anayewapokea wenye kifafa, watoto walioacha kusema, na vijana wasiopata usingizi kwa hofu. Hatuna budi kumpa chumba chenye mlango unaofungwa, nafasi ya kwenda masomoni, na kituo cha kazi ambacho hataondolewa kila pengo linapotokea wodi nyingine. Takwimu za daftari lake nazo zisomwe Vwawa na Dodoma, zisiishie kabatini.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tuwataje watu hawa kwa majina kama tunavyowataja mafundi na mawakala, ili mama wa Tunduma mwenye mtoto anayeinamisha kichwa ajue mlango wa kubisha kabla hajapanda basi la Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 100, bila kujua anamwendea nani.

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Wanaotibu akili za watoto wetu wamecheza kwetu muda mrefu. Tuwatuze wakiwa bado kazini.