Kukariri na Kuelewa: Historia Fupi ya Fikra Moja katika Utafiti wa Elimu

Mwanafunzi akariripo somo neno kwa neno, walimu wengi humhesabu kuwa hana akili ya kupambanua. Historia ya utafiti wa elimu yaonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya haraka.

Mwaka 1976 Ference Marton na Roger Säljö, wa Chuo Kikuu cha Göteborg nchini Sweden, walitangaza uchunguzi uliojulikana sana. Waliwapa wanafunzi maandishi wayasome, kisha wakawauliza wameelewa nini na wamesoma kwa njia gani. Baadhi yao walishughulika na maneno yenyewe ili wayakumbuke; wengine walitafuta maana aliyoikusudia mwandishi. Njia ya kwanza iliitwa ya juujuu, na ya pili ya kina. Aidha, ilidhihirika kuwa njia hizo si maumbile ya mtu: aina ya maswali ilipobadilishwa, baadhi ya wanafunzi walibadili namna yao ya kusoma. Baadaye John Biggs huko Australia na Noel Entwistle huko Uingereza walitunga hojaji za kuzipimia. Hojaji hizo zilirahisisha kazi, lakini zilileta pia hatari ya kumpa mwanafunzi jina la kudumu.

Mwaka 1996, katika kitabu kuhusu wanafunzi wa Kichina kilichohaririwa na David Watkins pamoja na Biggs, ilielezwa kuwa kurudiarudia kwaweza kuwa mlango wa kuelewa. Hivyo kukariri peke yake hakutoshi kuwa ushahidi wa ujuujuu.

Funzo hilo lina uzito Bendera, kaskazini ya Kalemie, mahali panapojulikana kwa mtambo wa umeme wa mto Kiymbi. Huko Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na sokoni, ilhali masomo ya sekondari na Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, ni kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezikubali lugha za taifa ziwe njia ya kufundishia, lakini Kifaransa kimebaki lugha ya elimu. Asiyeimiliki lugha ya swali hushika sentensi nzima, kwani akibadili neno moja aweza kupoteza alama. Kwake kukariri ni busara.

Kwa hiyo, mwalimu atakaye kina budi ayachunguze kwanza maswali yake, na lugha ayaulizayo, kabla ya kumhukumu mwanafunzi. Swali linaloomba maneno ya daftari hujibiwa kwa maneno ya daftari.