2 147 483 647: namba inayoweza kurudisha saa ya ordinateri mwaka 1901

Inasomwa hivi: miliare mbili, milioni 147, elfu 483 na 647. Kuipata, unaandika 2 mara 31, unazizidisha zote pamoja, kisha unatoa 1.

Ni namba tasa, ile wanafunzi wetu wanaita "nombre premier": hakuna inayoigawanya bila kubakisha kitu, isipokuwa 1 na yenyewe. Kusema hivyo ni rahisi, kuhakikisha ndiyo kazi. Ingebidi kujaribu namba tasa zote mpaka 46 340, na hizo zinapita 4 000. Aliyemaliza kazi hiyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi Saint Petersburg, Urusi. Matokeo yake yalitoka mwaka 1772, ndani ya barua kwa Bernoulli, wakati macho yake yalikuwa karibu hayaoni tena. Ujanja wake ulikuwa huu: namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya, ukiigawanya hiyo kwa 248, lazima ibakishe 1 ao 63. Zilizo hivyo hazifiki hata 100. Alizijaribu, hakuna iliyofaa.

Leo namba hii iko ndani ya ordinateri. Mashine nyingi huandika namba kwa nafasi 32, kila nafasi ni 0 ao 1. Nafasi moja inaonyesha kama namba iko chini ya sifuri, zinabaki 31. Zote zikijaa 1, umefika 2 147 483 647. Ongeza moja tu, hesabu inaanguka mpaka miliare mbili na zaidi chini ya sifuri. (Kuwa tasa hakuna kazi hapa, ni vile imetokea.) Mwisho wa 2014, wimbo "Gangnam Style" wa Mkorea Psy ulipita kiasi hicho cha kutazamwa kwenye YouTube, ikabidi hesabu ipanuliwe mpaka nafasi 64.

Wimbo si shida. Shida ni saa. Ordinateri nyingi huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Zenye nafasi 32 zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa Goma, Bukavu na Lubumbashi itakuwa saa kumi na moja asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Kinshasa, saa kumi. Sekunde inayofuata, mashine inaweza kusoma 13 Desemba 1901.

Telefone na ordinateri za siku hizi zinatumia nafasi 64, hazina wasiwasi. Mashaka ni juu ya vifaa vya zamani, na hapa kwetu vingi vinafika vikiwa vimekwisha kutumiwa kwingine, vinatengenezwa mpaka vife kabisa. Fundi anaweza kubadili betri na kioo. Programu ya ndani ni kitu kingine: kama kampuni imeisha iacha, hakuna pa kupata mpya. Kuna telefone za zamani ambazo hata leo zinakataa kuwekewa tarehe inayopita mwaka 2037.