Historia ya Ubadilishanaji wa Kurasa za Kumbukumbu na Nafasi Yake katika Matumizi ya Kompyuta Mbeya na Iringa

Utangulizi

Historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama historia ya ongezeko: kasi kubwa zaidi, diski kubwa zaidi, kumbukumbu kubwa zaidi. Insha hii inafuata mkondo tofauti. Inachunguza mbinu iliyozaliwa na uhaba, yaani ubadilishanaji wa kurasa kati ya kumbukumbu kuu na diski, kisha inaitazama mbinu hiyo ikiwa Mbeya na Iringa, mikoa ambayo vyuo vyake vingi vya elimu ya juu vilianzishwa au kukua wakati nchi zilizoendelea zilipokuwa tayari zinauona uhaba wa kumbukumbu kama jambo la kale. Hoja kuu ni kwamba kila hatua muhimu ya mbinu hii ilisukumwa na mtumiaji ambaye mashine yake haikumtosha. Kwa hiyo, mtumiaji wa aina hiyo anastahili kuwekwa katikati ya historia hii badala ya kuachwa pembezoni.

Chimbuko la mbinu

Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester mwezi Desemba 1962, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya pete za sumaku yenye maneno 16,384 tu. Kando yake palikuwa na ngoma ya sumaku yenye maneno 98,304, pana zaidi lakini ya polepole sana. Kabla ya hapo, mtunga programu alilazimika kupanga mwenyewe ni sehemu gani ya kazi yake ikae wapi na wakati gani. Kundi la Tom Kilburn liliihamishia mashine jukumu hilo. Kumbukumbu iligawanywa katika kurasa za maneno 512, na programu ikaachwa idhani kwamba ina hifadhi moja kubwa. Ukurasa ulioitwa usipokuwepo kwenye kumbukumbu kuu, mashine ilisimamisha programu kwa muda, ikauleta kutoka kwenye ngoma, kisha ikaendelea.

Mantiki hii si ngeni kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi ya siku chache hukaa jikoni, na akiba ya mwaka hukaa kwenye kihenge. Mpishi hahitaji kuyaona mahindi yote. Anahitaji yale ya leo, pamoja na uhakika kwamba ya kesho yanapatikana. Tofauti iko kwenye umbali. Kumbukumbu kuu hujibu kwa takribani nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huchukua takribani milisekunde 10, yaani muda mrefu mara 100,000. Kwa vipimo hivyo, endapo ombi moja tu kati ya 100,000 litalazimika kwenda kwenye diski, wastani wa muda wa kusubiri huongezeka maradufu. Likiwa ombi moja kati ya 1,000, mashine hupungua kasi takribani mara 100.

Kwa sababu hiyo, swali la kihistoria liligeuka kutoka namna ya kuhamisha kurasa na kuwa ni ukurasa upi uhamishwe. Mwaka 1966, László Bélády alilinganisha kanuni mbalimbali za uteuzi na kuonyesha kwamba uteuzi bora kabisa ni kuutoa ukurasa utakaochelewa kuliko yote kuhitajika tena. Kwa kuwa mashine haijui yajayo, hukisia kutokana na yaliyopita: ukurasa ambao haujaguswa kwa muda mrefu huchukuliwa kuwa hautahitajika hivi karibuni. Mwaka 1968, Peter Denning alieleza kwamba kila programu ina fungu la kurasa inazozitumia katika kipindi fulani. Mafungu hayo yanapotosha ndani ya kumbukumbu, kazi huenda. Yanapozidi, mfumo huanza kutapatapa: kila ukurasa unaoingia humfukuza mwingine unaohitajika mara moja, na muda wote huishia kwenye safari za kwenda na kurudi.

Kutoka Berkeley hadi Helsinki

Matoleo ya awali ya Unix hayakuhamisha kurasa mojamoja. Yaliuhamisha mchakato mzima hadi kwenye diski na kuurudisha mzima. Mwishoni mwa mwaka 1979, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la 3BSD kwa ajili ya kompyuta za VAX. Özalp Babaoğlu na William Joy walikabiliwa na upungufu wa maunzi: VAX haikuwa na biti ya kuonyesha kwamba ukurasa umeguswa. Walitatua tatizo hilo kwa kuziwekea kurasa alama ya kutokuwepo kwa makusudi. Programu ilipougusa ukurasa wa namna hiyo, hitilafu iliyotokea ilikiarifu kiini cha mfumo endeshi kwamba ukurasa huo ungali unatumika.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Helsinki. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye megabaiti 4 za kumbukumbu. Mtumiaji mmoja wa Ujerumani alikuwa na megabaiti 2 tu, na hakuweza kukikusanya kiini hicho kwenye mashine yake. Wakati wa Krismasi ya mwaka huo, Torvalds aliandika sehemu ya kuhamishia kurasa kwenye diski, nayo ikaingizwa katika toleo la 0.12 la Januari 1992. Minix, mfumo uliokuwa ukitumiwa na wengi wa wasomaji wake, haukuwa na uwezo huo. Hivyo, mojawapo ya sifa zilizoipa Linux wafuasi wa mapema ilitokana na haja ya mtu mwenye mashine dhaifu kuliko ya mtunzi wake.

Tanzania na mpangilio tofauti wa wakati

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka mitatu tu baada ya Atlas. Hata hivyo, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mbinu ya kurasa ilipokuwa ikienea katika vyuo vikuu vya Marekani, mlango wa Tanzania ulikuwa umefungwa, na baadaye ulifunguliwa kidogokidogo.

Mbeya na Iringa ziliingia katika historia hii kupitia taasisi za elimu. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianza mwaka 1986, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012. Iringa ilipata chuo kikuu cha Kilutheri katika miaka ya 1990, kisha Mkwawa na Ruaha mwaka 2005. Huo ndio wakati ambao mahitaji ya programu yalipanda kwa ghafla. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka angalau megabaiti 64. Windows Vista, iliyofika sokoni mwaka 2007, ilitaka megabaiti 512. Ndani ya miaka sita kiwango cha chini kilipanda mara nane, na kompyuta isiyo na hitilafu yoyote ikahesabiwa kuwa imepitwa na wakati.

Hapo ndipo kazi ya kiini inapoonekana. Kompyuta yenye megabaiti 256 ina kurasa 65,536 za baiti 4,096 kila moja. Programu zilizofunguliwa zikihitaji megabaiti 300, zinapungukiwa na megabaiti 44, sawa na kurasa 11,264. Ikiwa zinazotumika kwa wakati mmoja ni megabaiti 180, mwanafunzi hatatambua chochote, kwani kurasa zilizolala zitakuwa kwenye diski. Ikiwa zote 300 zinaguswa mfululizo, mashine itatapatapa. Uzito wa namna hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni virusi au uchakavu, ingawa tiba yake inaweza kuwa kufunga programu moja.

Umeme, maji na kumbukumbu

Kumbukumbu kuu hupoteza yaliyomo umeme unapokatika, na kwa Mbeya na Iringa jambo hili lina historia yake. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya Usangu mkoani Mbeya na hupokea Ruaha Mdogo unaopita Iringa, kabla ya kulisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Ukame ulipopunguza maji ya mabwawa mwaka 2006, nchi iliingia katika mgao wa umeme. Mvua iliyokosekana kwenye vyanzo vya nyanda hizo hizo ilifika hadi kwenye kazi ambayo haijahifadhiwa katika kompyuta.

Ni muhimu kusahihisha dhana moja hapa. Kurasa zilizohamishiwa kwenye diski haziokoi kazi umeme ukikatika, japokuwa diski haisahau. Majedwali yanayoeleza kila ukurasa ni wa nani yamo ndani ya kumbukumbu kuu, nayo hupotea pamoja nayo. Kinachookoa ni kuilaza kompyuta kwa utaratibu, ambapo kiini cha Linux huandika taswira nzima ya kumbukumbu katika eneo lile lile la ubadilishanaji kabla ya kuzima. Eneo ni moja, lakini kazi ni mbili: moja ni ya uhaba wa nafasi, nyingine ni ya uhaba wa umeme.

Hitimisho

Mwaka 2014, toleo la 3.14 la kiini cha Linux lilithibitisha zram, utaratibu unaobana ukurasa na kuuhifadhi ndani ya kumbukumbu yenyewe badala ya kuupeleka kwenye diski. Android huutumia katika simu zenye kumbukumbu ndogo, na kwa njia hiyo tatizo la Atlas limehamia mfukoni. Uhaba haukuisha, ulibadilisha makazi. Kwa mtafiti wa Mbeya au Iringa, mada hii haipaswi kufundishwa kama masalia ya mashine za zamani. Inaeleza kwa nini mashine moja hutupwa na nyingine inayofanana nayo huendelea kufanya kazi, na kwamba uamuzi huo hutegemea pia uelewa wa anayeitumia, wala si bei pekee.