Mfuko Uangalie Kamera

Nyuma ya nyumba yetu Suneka, pale mteremko unaposhuka kuelekea mtoni, kuna shimo la mstatili lililojaa nduma. Ukipita hapo hutajua kwamba lilikuwa kidimbwi cha samaki. Lakini ukichimba kidogo ukingoni, jembe litagonga plastiki nyeusi, nzito, na ukimwuliza Tata hiyo ni nini atakujibu bila kucheka: "Hiyo ni ng'ombe."

Ni ng'ombe kweli. Aliuza mmoja mwaka 2013 ili anunue hiyo plastiki. Kwetu Gusii tata ndiye baba, na baba ni mama, kwa hivyo usichanganyikiwe nikisema kwamba Baba alikataa, Tata akauza.

Wazo alilitoa kwenye TV. Kulikuwa na kipindi cha ukulima cha wikendi, kimoja kati ya vile vilivyokuja msimu mmoja vikapotea, na siku hiyo walikuwa wanaonyesha ufugaji wa samaki. Jamaa mmoja mwenye gambuti safi kabisa, gambuti ambazo hazijawahi kuona matope, alisimama kando ya maji akarusha chakula, na maji yakachemka kwa samaki. Nyuma yake palikuwa na mfuko wa chakula cha samaki umesimamishwa wima, jina likisomeka kutoka kwenye kochi letu. Tata aliinuka, akachukua kalenda ukutani, akaandika hilo jina nyuma ya mwezi wa Machi.

Miezi minane baadaye tulivuta wavu. Majirani walikuwa wameitwa. Samaki walitoka wengi sana, mamia, na karibu wote walikuwa saizi ya kidole. Kulikuwa na kimya kidogo, kisha mzee mmoja akasema polepole, "Hawa si ni omena wa bei ghali?" Watu walicheka. Tata naye alicheka, lakini jioni hiyo hakula.

Kwa miaka mingi niliamini kipindi kilitudanganya. Sasa siamini hivyo. Nimekirudia kichwani mara nyingi na sikumbuki sentensi hata moja ya uongo. Kilichotuumiza ni yale ambayo hayakusemwa, na ili kuelewa kwa nini hayakusemwa inabidi turudi nyuma, kwa sababu biashara ya kuwauzia watu samaki kwa maneno ni ya zamani kuliko TV yetu.

Mtu wa Nairobi akisikia Kisii anafikiria ndizi, chai na mawe ya Tabaka. Lakini ziwa haliko mbali. Soko la Suneka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Rongo, halijawahi kukosa akina mama wa samaki kutoka upande wa Homa Bay, na omena tumewapima kwa gorogoro tangu utotoni. Samaki tulimjua kama kitu cha kununua. Kumfuga ndiko kulikohitaji kuhubiriwa.

Mhubiri wa kwanza alikuwa serikali. Miaka ya 1960, Kenya ikiwa changa, ilifanya kampeni ya kuwahimiza raia wale samaki zaidi, na vidimbwi vidogo vikachimbwa kwa wingi Nyanza na Magharibi. Vingi viliachwa baadaye. Vifaranga wazuri hawakupatikana, maafisa wa nyanjani walipungua, na kidimbwi bila mtu wa kukuelekeza ni shimo tu.

Halafu ikaja 2009. Nchi ilikuwa inatoka kwenye machafuko ya uchaguzi, uchumi umelegea, na serikali ya nusu mkate ikatangaza mpango wa kuufufua. Ndani yake kulikuwa na samaki: vidimbwi 200 katika kila eneobunge, maeneobunge 140, kila kidimbwi mita 300 za mraba. Piga hesabu, ni vidimbwi 28,000. Kisii ilikuwa na kituo cha utafiti wa samaki kule Kegati, na ghafla kila mtu alikuwa na binamu mwenye kidimbwi.

Hapa ndipo bidhaa zilipoingia. Serikali ilikuwa inatangaza lishe na ajira, haikuwa na chapa ya kuuza. Lakini vidimbwi 28,000 vinahitaji vifaranga, nyavu, chakula na ile plastiki ya kutandaza chini. Soko lilizaliwa kwa muda mfupi, na soko jipya lina tatizo moja: mnunuzi hajui anachohitaji. Lazima aonyeshwe. Kwa kuonyesha, hakuna kitu kinachoishinda TV.

Mbinu yenyewe haikubuniwa hapa. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kudhamini mchezo wa redio wa Marekani ulioitwa Ma Perkins ili iuze sabuni ya Oxydol, na ndiyo maana mpaka leo Wamarekani huita tamthilia za kila siku kwa jina la sabuni. Vipindi vya uvuvi vilifuata njia hiyohiyo. Gadabout Gaddis, mvuvi aliyezunguka kwa ndege yake ndogo akitafuta mito, alidhaminiwa na kampuni ya bima, Liberty Mutual. Huyo angalau alikuwa anauza kitu kisichohusiana na samaki. Lakini Bill Dance alipoanza kipindi chake Memphis mwaka 1968, jina lake likaja kushikana na ndoano za bandia za Strike King, na taratibu mpaka kati ya kuvua na kuuza ukafutika. Mara nyingi kwenye vipindi kama hivyo mtangazaji mwenyewe hununua muda wa hewani, kisha anawauzia wadhamini. Boti ina mdhamini wake, injini ina wake, ndoano hali kadhalika, hata kofia. Samaki ndiye peke yake ambaye hajalipiwa.

Sasa angalia jambo moja. Kwenye kipindi cha aina hiyo, samaki lazima apatikane. Siku tatu za kukaa kwenye boti bila chochote hukatwa, zinabaki dakika ishirini za ushindi. Hakuna anayesema uongo: samaki alivuliwa kweli, kwa ndoano ile kweli. Wewe unayetazama unajaza pengo mwenyewe, unaamini ni ndoano iliyofanya kazi.

Waingereza walikuwa wakali zaidi. The Archers, mchezo wa redio wa BBC ulioanza kusikika nchi nzima Januari 1951 wakati chakula bado kilikuwa kwa mgao, ulitungwa kwa makusudi ya kuwafundisha wakulima mbinu za kuongeza mavuno. Ulikuwa kama tangazo refu la ukulima wa kisasa, ila hakuna kampuni iliyoununua. Kwenye TV, kuweka bidhaa ndani ya kipindi kwa malipo hakukuruhusiwa Uingereza hadi Februari 2011, na hata waliporuhusu waliagiza herufi P ionekane kwenye kioo, mtazamaji ajue kuna kitu kimelipiwa.

Mwaka mmoja baadaye, 2012, Kenya ilipata Shamba Shape Up. Kama ulikulia kijijini unawakumbuka Tonny Njuguna na Naomi Kamau wakiingia kwenye boma la mtu wikendi kwenye Citizen, na familia ikitengenezewa banda la kuku, zizi, jiko, yote kwa siku chache. Kiliandaliwa na kampuni ya Mediae, walewale wa Makutano Junction, na kiliendeshwa kwa fedha za washirika: mashirika ya misaada, taasisi za utafiti, na kampuni zenye bidhaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walikichunguza na wakaona kwamba watazamaji wengi walibadilisha kweli namna ya kulima na kufuga. Siwezi kukibeza. Baba alijifunza huko kuchanja kuku, na kuku wake wakaacha kufa kila Disemba.

Lazima pia niseme hivi: bila wadhamini kipindi kama hicho hakiwezekani. Kupeleka kamera, daktari wa mifugo na fundi hadi kijijini ni pesa nyingi, na maafisa wa kilimo wa serikali ambao zamani walikuja kwa pikipiki walishakuwa wachache mno. TV ilichukua kiti kilichokuwa kitupu. Swali ni nani alilipia hicho kiti.

Jibu nililipata kwa njia ambayo sijivunii. Baada ya chuo nilifanya kazi Nairobi, kuandika skripti za video za ukulima za kampuni moja ambayo sitaitaja. Siku yangu ya kwanza nyanjani, karibu na kidimbwi cha mtu mwingine kabisa, mwakilishi wa mteja alinijia akaninong'oneza: "Mfuko uangalie kamera." Nikaenda nikaugeuza. Nilikuwa nimeshika pembe za mfuko nilipokumbuka ile kalenda.

Hapo ndipo nilielewa kazi yenyewe ilivyo. Hakuna aliyeniambia nidanganye. Mteja wa chakula cha samaki alilipia dakika sita kuhusu chakula, na mteja wa plastiki akalipia tano. Nilipouliza tuseme nini kuhusu joto la maji, producer alinitazama kwa huruma. "Hiyo ni ya nani?" Alimaanisha: nani amelipia hiyo? Hakuna. Basi haikuingia.

Na ni joto la maji lililommaliza Tata, pamoja na mambo mengine mawili ya bure. Ngege hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi. Usiku wa Gusii ni baridi. Samaki wetu walikula chakula cha pesa na kukaa tu. Pili, vifaranga wake walikuwa dume na jike pamoja, na ngege huanza kuzaa akiwa mdogo sana. Ukiweka vifaranga elfu moja bila kuchagua madume, baada ya miezi michache una umati unaogombania chakula, hakuna anayenenepa. Tatu, udongo wetu wa bondeni ni mfinyanzi unaoshika maji vizuri. Ile plastiki haikuhitajika kabisa. Angeweza kukanyagia udongo, akatia samadi ya yule ng'ombe ambaye hangekuwa ameuzwa, maji yakawa kijani, na ngege wangekula huo ukijani kabla hajanunua hata kilo moja ya chakula.

Lakini samadi haina kampuni. Udongo hauna nembo ya kubandika kwenye kofia. Kungoja hakuuzwi kwa mfuko. Kipindi kinacholipiwa na wauzaji kitafundisha kwa bidii, na kwa ukweli, kila suluhisho lenye bei. Yale yasiyo na bei yatabaki nje ya fremu, na mkulima atadhani hayapo. Zaidi ya hapo, hata tatizo lenyewe hubadilika: ukitazama sana unaanza kuamini kwamba shida ya shamba lako ni vitu ambavyo hujanunua.

Kanuni za utangazaji za Kenya za 2009 zinataka mdhamini wa kipindi atajwe wazi, na kwa kawaida hutajwa: nembo huonekana, majina hupita mwishoni. Lakini kutaja jina la aliyelipa si sawa na kutaja kilichoachwa kwa sababu hakuna aliyelipa. Hiyo ya pili sijaona sheria inayoidai, wala sijui ingeandikwaje. Ninachojua ni kwamba samaki hawajaisha Kisii. Mwaka 2018 kaunti yetu iliingia kwenye mpango mwingine mkubwa wa ufugaji wa samaki, wa serikali na IFAD, na vijana wa rika langu wanachimba upya. Sasa hawangoji TV. Wana simu, na kwenye simu kuna kijana mwenye gambuti safi, maji yanachemka, na mfuko uko wima nyuma yake. Safari hii hakuna hata majina yanayopita mwishoni.

Niliacha ile kazi, ila si kwa ushujaa. Mkataba uliisha na sikuomba mwingine. Krismasi iliyopita nilimweleza Tata yote: joto, madume, plastiki, mfuko. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu.

"Na wewe uliugeuza?"

"Niliugeuza, Tata."

Alinyamaza kidogo, akachukua rimoti. Kulikuwa na kipindi cha ukulima kinaisha, na mdogo wangu alikuwa anataka mpira. Tata alimzuia kwa mkono. Majina ya wadhamini yalikuwa yanapita, madogo, haraka, na yeye alisogea mbele kwenye kochi, akavaa miwani, akayasoma moja moja.